Muulize Fundi: Bega Likitikiswa, Sauti Itoke

Barua za mara hii zimetoka Kakamega, Kisumu, Siaya, Nakuru, Bungoma, Busia na Vihiga, na zote zinahusu jambo moja: jinsi ya kugeuza mwendo wa mchezaji kuwa sauti kwa vihisi vidogo vinavyofungwa mwilini. Tumetanguliza barua ya mwalimu wa isukuti, ngoma ya jadi ya Waluhya wa magharibi mwa Kenya, kwa sababu jibu lake ndilo msingi wa mengine.

Tuanzie wapi?

*Hamjambo mafundi. Ninafundisha kikundi cha isukuti. Vijana wangu wanataka mabega yao yakitikisika, kompyuta itoe sauti pamoja na ngoma. Mmoja wao anajua kulehemu na kuandika programu kidogo. Tununue nini, na tukifunge wapi? – Mwalimu, Kakamega*

Mwalimu, msinunue chochote kwanza. Pimeni. Wekeni kwenye simu programu ya bure iitwayo phyphox, iliyotengenezwa na Chuo Kikuu cha RWTH Aachen cha Ujerumani. Chagueni kipimo cha mchapuko, yaani jinsi kasi inavyobadilika. Fungeni simu kwa kitambaa kilichokazwa juu mgongoni, karibu na bega, kisha rekodini sekunde 20 mchezaji akiwa tuli, 20 akitikisa mabega taratibu, na 20 akitikisa kwa nguvu zake zote. Tazameni grafu. Ikiwa hizo hali tatu hazitofautiani waziwazi, badilisheni mahali pa kufunga, kwa sababu hata kihisi cha bei ghali hakitaona kisichofika mahali kilipofungwa.

Mkiridhika, kila mchezaji atahitaji bodi moja ya ESP32, yaani kompyuta ndogo yenye Wi-Fi, kihisi kimoja au viwili vya MPU-6050 vinavyopima mchapuko na mzunguko (huuzwa vikiwa juu ya bodi ndogo iitwayo GY-521), betri ya lithiamu ya volti 3.7 yenye uwezo wa mAh 500 hadi 1000, swichi ndogo, waya laini wenye nyuzi nyingi ndani, na ukanda wa lastiki wenye velkro. Upande wa pili mtahitaji laptopu yenye Pure Data, programu ya bure ya kutengeneza sauti iliyoanzishwa na Miller Puckette miaka ya 1990, pamoja na ruta ndogo ya Wi-Fi ambayo hata haihitaji intaneti, na waya wa sauti wa kwenda kwenye amplifaya. Mkikosa vipuri karibu, maduka ya elektroniki ya barabara ya Luthuli, Nairobi, huwa navyo. Anzeni na mchezaji mmoja. Seti ya kwanza ikimaliza wimbo mzima bila kukatika, ndipo muagize nyingine.

Kihisi kikae juu ya bega upande wa nyuma, pale mfupa ulipo karibu na ngozi, kwa sababu kikikaa juu ya msuli mnene hucheza mchezo wake chenyewe. Bodi na betri ziwe kwenye kifuko mgongoni, kando ya uti wa mgongo, si juu yake. Waya kati ya bodi na kihisi usizidi sentimita 40 hivi. Kihisi huongea na bodi kwa njia iitwayo I2C, iliyobuniwa kwa vipande vinavyokaa pamoja kwenye bodi moja. Waya ukirefushwa ishara hudhoofika na bodi huganda katikati ya wimbo. Peleka VCC (umeme) ya kihisi kwenye 3V3, GND (ardhi) kwenye GND, SDA (data) kwenye pini 21, SCL (saa) kwenye pini 22. Kihisi cha bega la pili kitumie waya hizohizo, ila pini yake ya AD0 iungwe na 3V3 ili anwani yake iwe 0x69 badala ya 0x68. Msipofanya hivyo vyote viwili vitajibu kwa wakati mmoja na namba zitavurugika. Na kila kiungo kilehemiwe. Zile waya za kuchomeka ni za majaribio ya mezani. Begani mwa mchezaji wa isukuti zitachomoka tu.

Kijana wenu wa programu ajue mambo matatu. Kwanza, MPU-6050 ikiwashwa huwa imelala: aandike 0 kwenye rejista (kisanduku cha mipangilio ndani ya kihisi) 0x6B, la sivyo atasoma sifuri tupu na kudhani ameuziwa kibovu. Pili, kipimo chake cha kawaida ni g 2 tu, na g moja tayari ni mvuto wa dunia. Bega likitikiswa kwa nguvu hupita hapo, kilele kinakatwa, na mchezaji hodari anasikika sawa na mvivu. Aandike 0x10 kwenye rejista 0x1C ili kipimo kifike g 8. Hapo g moja ni namba 4096. Tatu, rejista 0x75 inapaswa kujibu 0x68. Ikijibu namba nyingine, kilicho ndani si MPU-6050, na huenda maktaba ya programu ikakikataa.

Sasa tufike kwenye mtikiso wenyewe. Someni kihisi mara 100 kwa sekunde. Tafuteni wastani wa nusu sekunde iliyopita kwa kila mhimili (mbele-nyuma, kushoto-kulia, juu-chini), mtoe wastani huo kwenye kipimo cha sasa: mvuto wa dunia unaondoka, mtikiso unabaki. Ondoeni alama ya hasi, jumlisheni mihimili mitatu, kisha lainisheni matokeo ili yapande haraka, kama milisekunde 20, na kushuka polepole, kama milisekunde 200. Hapo mna namba moja inayosema mabega yana nguvu kiasi gani. Igeuzeni iwe kati ya 0 na 1 kwa kila mchezaji peke yake. Sifuri iwe kipimo chake akiwa tuli, na moja iwe thamani ambayo asilimia 95 ya vipimo vyake vya nguvu zote viko chini yake. Msichukue kilele cha juu kabisa, maana mruko mmoja wa bahati utafanya mtikiso wa kawaida usikike mdogo siku nzima.

Namba hiyo itumwe mara 50 kwa sekunde kwa OSC, mtindo wa ujumbe uliobuniwa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwaka 1997 kwa ajili ya ala za kompyuta. Anwani ya ujumbe iwe kitu kinachosomeka, kwa mfano /bega/kushoto. Kwenye Pure Data pokeeni kwa netreceive -u -b 9000, pitisheni kwa oscparse, list trim na route, halafu line~ ya milisekunde 20, inayosogeza namba taratibu, kabla ya kugusa sauti. Mkiiruka hiyo line~ mtasikia mikwaruzo kila namba inapobadilika.

La mwisho, na tunaliona kubwa kuliko rejista zote: sauti gani? Isukuti ina ngoma tatu, kubwa, ya kati na ndogo, pamoja na pembe na njuga za chuma. Ngoma hizo zimejaza nafasi ya milio mifupi, mizito na ya kati. Mkiongeza mdundo wa kompyuta juu yake, utamezwa au utawavuruga wapigaji. Kinachokosekana pale ni sauti ndefu. Mtikiso wa mabega ufungue mlio mrefu wa juu, kama mlio wa pembe ulionyoshwa, unaokua mabega yanapochemka na kunyamaza yanapotulia. Mchezaji atausikia katikati ya ngoma, na mtazamaji ataona unatoka wapi. Ngoma hii iliingizwa na UNESCO mwaka 2014 kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka. Vifaa viufuate mtikiso kama wazee walivyouacha, na mchezaji asilazimishwe kubadilisha bega lake ili kihisi kimsikie.

Sauti inachelewa

*Mafundi, tumetengeneza kila kitu, kifundo cha mguu kikipiga chini sauti inatoka, lakini inatoka nyuma ya mguu. Wachezaji wanasema wanahisi kama kuna mtu mwingine anacheza nyuma yao. Tunatumia spika kubwa ya Bluetooth. – Kikundi cha densi, Kondele, Kisumu*

Jibu mmeliandika wenyewe kwenye sentensi ya mwisho. Bluetooth ya kawaida huchelewesha sauti kwa milisekunde 100 hadi 250. Kwa kusikiliza nyimbo hilo halina neno, lakini kwa mguu unaopiga chini ni janga. Ondoeni Bluetooth, wekeni waya. Huenda tatizo likaisha hapo.

Kama bado, fuateni njia yote. Lengo liwe jumla ya milisekunde 20 au chini. Kuanzia 30 hivi mpiga ngoma huanza kulalamika. ESP32 ikiachwa ilivyo hulaza redio yake ya Wi-Fi kati ya ujumbe na ujumbe ili kuokoa betri, na kuchelewa kunakuwa kwa kuruka-ruka, mara milisekunde 5, mara milisekunde 100. Kwenye programu wekeni WiFi.setSleep(false). Betri itaisha haraka zaidi, kubalini. Kwenye laptopu ya Windows sakinisheni ASIO4ALL, programu ya kupunguza kuchelewa kwa sauti, na muweke bafa (akiba ndogo ya sauti inayosubiri kutoka) ya sampuli 256, ambayo kwa kasi ya sampuli 44100 kwa sekunde ni kama milisekunde 6. Mkisikia mikwaruzo pandeni 512. Kichujio cha ndani ya kihisi nacho kina gharama yake: kikiwekwa Hz 44 huchelewesha mchapuko kwa milisekunde 4.9, kikiwekwa Hz 184 ni 2 tu. Kwa miguu tumieni cha pili.

Kuna kuchelewa kusikokuwa kwa elektroniki. Sauti husafiri takriban mita 340 kwa sekunde, yaani karibu milisekunde 3 kwa kila mita. Spika zikiwa mita 10 mbele ya jukwaa, mchezaji anasikia mguu wake milisekunde 29 baadaye hata kama vifaa vyenu ni kamilifu. Spika moja ndogo iwe jukwaani, mita 2 au 3 kutoka kwa wachezaji, iwaelekee wao.

Msikadirie kwa sikio. Rekodini kwa simu mguu ukipiga sakafu na spika ikijibu, faili ifunguliwe kwenye Audacity, programu ya kuhariri sauti, na mpime umbali kati ya vilele viwili. Simu ikiwa karibu na mguu, toeni milisekunde 3 kwa kila mita ya kutoka kwenye spika. Pimeni mara kumi hivi na mtazame tofauti kati yao. Kuchelewa kwa milisekunde 25 kusikobadilika mchezaji hukuzoea. Kunakorukaruka kati ya 10 na 60 hakuzoeleki kamwe.

Mguu mmoja, sauti tatu

*Nikikanyaga mara moja napata sauti mbili au tatu. Nikipandisha kizingiti, mikanyago midogo inapotea. Nifanyeje? – Mwanafunzi, Njoro*

Kisigino kinatua, kisha unyayo wa mbele, kisha kihisi chenyewe kinayumba juu ya ukanda. Kwa kihisi hayo ni matukio matatu halali. Kaza ukanda kwanza. Kihisi kiwe juu kidogo ya kifundo, upande wa nje, kimebanwa kiasi kwamba ukikigusa kwa kidole hakitelezi.

Kisha tumia vizingiti viwili badala ya kimoja. Sauti itoke kipimo kikipita g 4, na mfumo usiwe tayari kwa sauti nyingine mpaka kipimo kishuke chini ya g 2. Ongeza muda wa kufunga mlango: baada ya sauti kutoka, puuza kila kitu kwa milisekunde 100. Muda huo hautoki hewani. Kwa mwendo wa midundo 120 kwa dakika, mdundo mmoja ni milisekunde 500, na robo yake ni 125. Ukifunga kwa 150 utameza mikanyago ya haraka, ukifunga kwa 50 mwangwi wa kisigino utapita. Namba za g nazo ni za kuanzia tu: sakafu ya saruji hutoa vilele vikali kuliko ya mbao, na nyasi hupunguza karibu kila kitu. Rekebisha kila unapohama.

Kipimo kiwe g 16 (rejista 0x1C iandikwe 0x18) na usome angalau mara 400 kwa sekunde. Kilele cha mkanyago ni chembamba. Ukisoma mara 100 tu utakikosa mara nyingi, na mikanyago iliyo sawa itasikika mmoja mkubwa, mmoja mdogo. Ukitaka ukubwa wa sauti ufuate nguvu ya mguu, usitume mara tu kizingiti kinapopitwa. Subiri milisekunde 8, chukua kilele cha ndani ya muda huo, ndipo utume. Unalipa milisekunde 8 za kuchelewa, lakini mguu mwepesi na mguu mzito unapata kila mmoja sauti yake. Kwa maoni yetu bei hiyo inafaa.

Gara zatosha, au sivyo?

*Wahariri, sisi Waluo tuna gara, njuga za miguuni, tangu zamani. Mchezaji akitikisa mguu, sauti inatoka, bila betri wala kompyuta. Mnatuletea haya ya nini? – Mzee msomaji, Siaya*

Mzee wetu, gara hazina mpinzani kwa kazi yake. Hazicheleweshi, hazizimi, na mtazamaji wa mwisho kabisa anajua sauti imetoka mguu gani. Na mpiga nyatiti, ala ya nyuzi ya Waluo, huenda mbele zaidi: nyuzi nane ziko mikononi, na hapohapo kidole gumba cha mguu kilichovaa pete ya chuma kinagonga ala, na gara zinajibu mguuni. Mwili mzima tayari ni muziki. Kikundi chochote kinachotaka kufunga kihisi mguuni ili kuiga mlio wa gara tunakishauri kivae gara.

Kihisi kina kazi pale ambapo mwili unasema jambo lisilo na sauti: shingo inayogeuka taratibu, bega linaloinuka kabla halijatikisika, kiuno kinachozunguka katika ngoma ya ohangla bila mguu kuondoka ardhini, na hasa mchezaji anaposimama ghafla. Gara haziwezi kutangaza kutulia. Kihisi kinaweza. Mlio mrefu uliokuwa chini chini wakati wa fujo unaweza kupanda pale tu mchezaji anapoganda, na kuganda huko kukaonekana kukubwa kuliko mruko. Kadhalika kihisi kinaweza kubadilisha sauti ya mtu mwingine. Kiuno cha mchezaji kinaweza kufungua na kufunga uangavu wa mlio wa orutu, fidla ya uzi mmoja, inayopigwa pembeni kupitia maikrofoni, mpiga orutu akawa anapiga na mchezaji anapaka rangi.

Na si jambo la jana. Leon Theremin, mvumbuzi Mrusi, alitengeneza jukwaa ambalo mwili wa mchezaji juu yake ulibadilisha kimo cha sauti, na lilionyeshwa New York mwaka 1932. Mwaka 1965, katika mji huohuo, mtunzi John Cage na mwanadensi Merce Cunningham walizungushia wachezaji antena na vihisi vya mwanga vilivyogusa sauti za kanda na redio. Vifaa vile vilijaza chumba. Vya leo vinaingia kwenye kiganja. Ila swali limebaki lilelile: mtazamaji asiyeambiwa kitu anaweza kuona ni nani aliyetoa sauti? Tunapendekeza mwendo mmoja, sauti moja, kwa dakika mbili za kwanza za onyesho. Watu wakishaelewa, hapo ongezeni utata mnaoutaka.

Bodi inajizima na kujiwasha

*ESP32 yangu ikiwa kwenye waya wa USB inafanya kazi vizuri. Nikiitia betri ya 3.7 kwenye pini ya 5V inawaka, halafu Wi-Fi ikiunganishwa inajiwasha upya, tena na tena. Nimebadilisha bodi mbili. – Fundi wa redio, mjini Nakuru*

Fundi mwenzetu, bodi zako ni nzima. Bodi nyingi za bei nafuu zina kishusha volti cha aina ya AMS1117, ambacho huhitaji kuingiziwa karibu volti moja zaidi ya zile kinazotoa. Betri ya 3.7 inapokipitia, ESP32 hubaki na chini ya volti 3. Ikiwa imetulia inavumilia. Redio ya Wi-Fi inapotuma huvuta mA mia kadhaa kwa muda mfupi sana, volti inaporomoka, na kinga ya ndani inaiwasha upya.

Usikimbilie kuunga betri moja kwa moja na 3V3. Betri iliyojaa ni volti 4.2, na ESP32 imewekewa mwisho wa 3.6. Nunua bodi ya ESP32 iliyo na soketi ya betri ya lithiamu, chaja yake na kishusha volti kinachofanya kazi hata tofauti ikiwa ndogo. Ukishindwa, weka kipandisha volti kidogo cha kutoa 5 kati ya betri na pini ya 5V. Kapasita ya mikrofaradi 470 kati ya 3V3 na GND husaidia kumeza mshtuko wa redio, lakini haiponyi kishusha volti kisichofaa.

Neno kuhusu chaja. Bodi ndogo ya chaja ya TP4056 ikiuzwa huwa imepangwa kuchaji kwa ampea 1, kwa rezista ya kiloomu 1.2. Kwa betri ya mAh 500 hiyo ni mara mbili ya uwezo wake: itapata joto, itavimba. Ng'oa rezista hiyo uweke ya kiloomu 5, ichaji kwa mA 250 hivi. Betri iliyovimba haifungwi tena mwilini mwa mtu, hata kama bado inashika chaji, na hakuna betri inayochajiwa ikiwa mwilini. Betri ya mAh 500 Wi-Fi ikiwa macho muda wote hukupa saa tatu mpaka nne. Ichaji kabla ya kila onyesho hata kama jana haikutumika sana.

Mazoezini sawa, mbele ya watu kimya

*Wiki nzima ilifanya kazi. Ukumbi ulipojaa watu, wachezaji wawili kati ya wanne wakapotea kabisa, na sauti ya mmoja ikaganda ikilia mpaka mwisho. – Msimamizi wa jukwaa, Kisumu*

Dada au kaka, kila mtazamaji aliingia na simu, na simu hizo zinatumia hewa ileile ya GHz 2.4 ambayo ESP32 inaitegemea. Ya kawaida haioni GHz 5. Isitoshe mwili wa binadamu ni maji kwa sehemu kubwa, na maji hunyonya mawimbi hayo. Ukumbi uliojaa ni ukuta.

Ruta iwe ya kwenu peke yenu, jukwaani, juu ya stendi ya mita 2 au zaidi ili iwaone wachezaji juu ya vichwa vya watu. Chagueni chaneli 1, 6 au 11, ile iliyo tupu zaidi watu wakiwa wameshaingia, si asubuhi ukumbi ukiwa mtupu. Antena ya ESP32, ile michoro ya dhahabu ukingoni mwa bodi, isigusane na ngozi: sifongo ya sentimita moja katikati, na antena itazame nje. Anwani za IP ziwe za kudumu, na kinga ya mtandao ya Windows (firewall) iruhusu Pure Data kupokea, kwa sababu ikiona mtandao mpya huufungia mlango kimyakimya.

OSC kwa kawaida husafiri kwa UDP, njia ya haraka ya kutuma data mtandaoni, na UDP haihakikishi kwamba ujumbe umefika. Kwa mtikiso wa bega si neno, namba nyingine inafuata baada ya milisekunde 20. Kwa mkanyago, ujumbe ukipotea mguu umekuwa bubu. Kila mkanyago upewe namba ya mfuatano na utumwe mara tatu, milisekunde 3 kati yake; kompyuta ipokee wa kwanza na kutupa wenye namba iliyokwisha kuonekana. Ruta ikiendelea kuwasumbua, iacheni mtumie ESP-NOW, njia ya bodi za ESP32 kuongea zenyewe kwa zenyewe: ESP32 moja iliyochomekwa kwenye laptopu kwa USB inapokea kutoka kwa zile za wachezaji bila ruta, pakiti za hadi baiti 250, zinazowatosha sana.

Ile sauti iliyoganda ndiyo mbaya zaidi, na kinga yake ni rahisi. Pure Data ikikaa milisekunde 300 bila ujumbe kutoka kwa mchezaji fulani, sauti yake ishuke mpaka sifuri kwa sekunde moja. Mchezaji aliyepotea anyamaze, asilie.

Je, kihisi kinajua mkono uko wapi?

*Nataka mkono ukiwa kushoto sauti iwe nyingine, ukiwa kulia nyingine. Mahesabu yangu yanakimbia. – Busia*

Yatakimbia daima. Kupata mahali kutokana na mchapuko kunahitaji kujumlisha mara mbili, na kosa dogo hukua kwa mraba wa muda: kosa la g 0.01 tu huwa karibu mita 5 baada ya sekunde 10. Tumia mwinamo badala yake. Mkono ukielekea juu, ukilala au ukielekea chini, kihisi kinajua kwa mvuto wa dunia. Changanya na jairoskopu, sehemu ya kihisi inayopima mzunguko: asilimia 98 ya pembe itoke kwa jairoskopu na asilimia 2 kwa mvuto, kila unaposoma. Dira ya sumaku iache. Spika na mabati ya paa huipotosha.

Kamera badala ya vihisi?

*Hatuna pesa za vihisi, lakini tuna laptopu yenye kamera. – Bungoma*

Inawezekana kwa miendo ya polepole. Programu ya MediaPipe ya Google ni ya bure na hukadiria nukta 33 za mwili kutoka kwa kamera ya kawaida, na kuhusu swali la Busia hapo juu, kamera hujua mkono uko kushoto au kulia. Lakini kamera ya picha 30 kwa sekunde inapata picha moja kila milisekunde 33, kabla hata mahesabu hayajaanza, hivyo mtikiso wa mabega na mikanyago itapotea. Inahitaji mwanga wa kutosha na usiobadilika, na wachezaji wakipishana huchanganya mwili wa huyu na wa yule. Kwa mchezaji mmoja, mikono mipana, ukumbi wenye mwanga, anzeni nayo.

Jasho

*Kihisi cha tatu sasa kimekufa baada ya maonyesho machache. Kina kutu ya kijani. – Vihiga*

Jasho lina chumvi, na chumvi ikikutana na umeme hula shaba. Lehemu yote ikishapoa, isafishe kwa spiriti, ikauke kabisa, kisha paka viungo rangi ya kucha isiyo na rangi, tabaka mbili, ukiacha soketi ya USB na swichi. Juu yake weka mpira mwembamba unaojikaza kwa joto, au mfuko mdogo wa plastiki uliofungwa kwa tepu, mdomo ukitazama chini ili jasho lisiingie kwa kuteremka. Ukanda wa lastiki uvuliwe na ufuliwe baada ya kila onyesho. Ukiuacha na chumvi yake, utakaribisha unyevu mfukoni hata vifaa vikiwa vimehifadhiwa. Na usiku ule ule toa vifaa kwenye vazi. Vikilala ndani ya nguo mbichi, kazi yote ya rangi ya kucha imekwenda bure.